Sauti ya M'Rukunga Huko Edmonton

Haya, kitendawili. Ninacho tangu nizaliwe, sijawahi kukiona kwa macho. Akikichukua jirani, hata polisi hawawezi kukitambua kwa sura.

Sema basi. Kivuli? Kivuli unakiona kila siku. Jina? Jina uliandikiwa shuleni ukaliona. Umeshindwa, nipe mji. Nairobi sitaki, nina wajukuu huko wa kunisumbua. Nipe London. Ahsante. Nimekwenda London, nimekula kuku wao wasio na ladha, nimelala, nimeamka, na jibu ni sauti. Na kwa kuwa umenipa mji bila ubishi, nitakueleza habari ya sauti moja iliyoko huko huko, upande wa Edmonton.

Gakii alishuka kwenye basi saa sita mchana, akabonyeza namba za kisanduku cha ukutani, akatoa ufunguo, akaingia. Akavua koti, akavaa glavu, akapasha supu ya nyanya. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee nyumbani kwao, nusu saa hapa, nusu saa pale, na katikati ni basi. Mzee wa nyumba hii aliitwa Sir Ambrose Kellaway, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu. Kutoka chumba cha mbele Sir Ambrose akaita, kwa Kimeru, kwamba mbuzi wameingia kwenye mahindi.

"Nimewaona, Mzee," Gakii akajibu kwa Kimeru hicho hicho. "Nawatoa."

Supu ikachemka.

Alikuwa amepelekwa pale na Kalpana wa ofisini, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Kalpana alimpigia simu Gakii akiwa anangoja basi.

"Dada Gakii, wewe ni wa Meru, si ndiyo? Nina mteja amebadilika lugha."

"Amebadilika kwenda lugha gani?"

"Wenzako wanasema ni Kiarabu, wamekataa kurudi. Nikawaambia nipeni nimsikie. Nimemsikia akitaja ng'ombe. Tangu lini Waarabu wakawa na ng'ombe wanaoitwa ng'ombe?"

Kalpana akaenda kwenye kompyuta, mahali pa lugha ya mteja akafuta Kiingereza, akaandika Kimeru, na Kiswahili kidogo. Basi, hiyo ikaisha.

Sir Ambrose alizaliwa mitaa hiyo hiyo, kwenye zile nyumba za safu zilizoshikana mabega, baba yake akiwa dereva wa basi. Alikuwa na uso mzuri na mabega ya kuvalishwa joho, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeomba kupita. Miaka ya mwanzo alishika mikuki nyuma ya wafalme, au aliingia jukwaani kusema kwamba farasi wako tayari. Kisha akapata filamu Kenya, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Wenye filamu walitaka chifu wa Kiafrika, na kwa desturi yao ya wakati ule wakamtafuta Mwingereza, wakampaka rangi nyeusi usoni na mikononi.

Aliporudi London alikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa nzito, yenye mchanga mchanga chini yake, ikifika mpaka viti vya juu kabisa bila yeye kuinua kidevu. Akawa mfalme. Akawa jaji, kasisi mwenye dhambi, jenerali katika filamu za vita, mfalme tena, safari hii kipofu. Magazeti yaliandika kwamba Uingereza ingekuwa na sauti, ingekuwa hiyo. Wanawake wawili waliolewa na ile sauti, na kila mmoja akaachana na mwenyewe. Akapewa cheo cha Sir. Ile sauti yake nyembamba ya mwanzo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Halafu uzee ukaanza kumtoa Kiingereza, neno moja moja, kama meno. Kilipokwisha chote, sauti ikabaki peke yake kinywani, haina kazi, ikarudia mambo yake ya zamani. Mbuzi. Kuni zimelowa. Nani ameacha lango wazi?

Jumapili moja Gakii alikuwa akikoroga supu na simu ameiegemeza kwenye birika, anaongea na shangazi yake Teresia, aliyeko Nkubu. Sir Ambrose akaitisha maji ya kunywa. Teresia akakatiza maneno yake.

"Gakii, uko na nani hapo?"

"Na mteja."

"Huyo ni M'Rukunga."

"Baba? Si umekaa naye hapo?"

"Nimekaa naye hapa, anakula ndizi. Sauti yake ndiyo iko hapo." Teresia akasogeza sikio kwenye simu, akasikiliza tena. "Imenenepa kidogo. Wameilisha vizuri."

Nyuma yake, M'Rukunga, babake Gakii, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwenye foleni ya hospitali. Alifungua midomo, akaifunga. Kule chumba cha mbele Edmonton, Sir Ambrose akasema, "Teresia, ndizi hizi hazijaiva." Maneno yalichelewa kidogo kwa sababu ya mtandao.

"Zimeiva," Teresia akamwambia kaka yake. "Kula."

Gakii hakuwahi kuisikia sauti ya babake. Alizaliwa ikiwa imeshaondoka. Nyumbani ilisemwa tu kwamba ilichukuliwa na watu wa filamu kule Isiolo, kama watu wanavyosema shamba lilichukuliwa na barabara. M'Rukunga alikuwa kijana wa kubeba maji kwenye kambi yao. Siku moja akawaita ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya mto, wakageuka wote. Mkubwa wa filamu akasema, hiyo hapo sauti ya chifu. Wakamkalisha kwenye hema na mashine ya kurekodi, Ambrose pembeni yake na rangi yake usoni, wakafanya kazi siku nzima. Jioni M'Rukunga akafungua kinywa kuomba maji na hapakuwa na kitu. Walimpa blanketi, nzuri tu, aliitumia miaka mingi.

Akaenda akafungua kinu cha kusaga mahindi. Ni kazi iliyomfaa, kwa sababu kwenye kinu hakuna anayemsikia mwenzake. Posa ilisemwa na mjomba. Watoto waliitwa kwa kupigiwa makofi, kila mtoto na makofi yake.

Sasa M'Rukunga alikuwa mgonjwa, na daktari wa Nkubu alikuwa ameacha kuandika dawa. Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Baba wa Kimeru haondoki bila kuwabariki watoto wake kwa kinywa. Kuandika hakufai. Kuwawekea mkono kichwani bila neno, Teresia alisema, ni kama kupapasa boga. Kakake Gakii, Mutwiri, alikuwa na shamba na watoto na bado anaishi kama mtu anayesubiri kitu kabla ya kuketi. Gakii mwenyewe alikuwa ameishi London miaka mingi na hakumbuki lini mara ya mwisho alijisikia amefika. Alidhani ni uchovu wa zamu.

Kwa hiyo siku iliyofuata, akimnyoa Sir Ambrose ndevu, alimwambia wazi.

"Mzee, sauti hii ni ya babangu. Utaniachia niipeleke nyumbani?"

Sir Ambrose akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeongezewa chai.

Gakii akapangusa povu. "Na ulipoipata, uliiomba, au uliichukua tu?"

Mzee akatazama dirishani. Paka wa jirani alikuwa anapita juu ya ukuta.

Gakii akampigia Kalpana.

"Hapana, dada," Kalpana akasema. "Unajua sheria. Mteja akikupa hata sabuni, unarudisha. Mwaka jana nimemfukuza mtu kwa sababu ya kofia."

"Hii si zawadi. Ni kitu chetu."

"Una cha kuonyesha?"

"Cha kuonyesha nini, Kalpana? Ni sauti."

"Basi ndiyo hivyo. Ikiwa kinywani mwa mteja, ni ya mteja. Zungumza na familia." Kisha Kalpana akaongeza: "Shangazi yangu aliacha nyumba Kampala Wahindi walipofukuzwa, na chai mezani. Sikwambii hivyo kukufariji. Nakwambia tu."

Familia ilikuwa mpwa mmoja, Tom, aliyekuja wikendi na keki ya limau. Tom alimsikiliza Gakii mpaka mwisho, hata akaweka simu yake kifudifudi mezani. Alisema anaelewa kabisa. Alisema babake mwenyewe alikuwa hasemi sana. Kwa bahati mbaya sauti ya mjomba ilikuwa imeshawekewa mkataba na kampuni inayotengeneza sauti za lifti na za mashine za dukani. Wangeichukua yote siku mzee atakapofariki. Kwa sasa walikuwa wamechukua sampuli. Alisema pole sana, na alimaanisha, kisha akamkatia Gakii kipande cha keki, ambacho Gakii hakuruhusiwa kula.

Sampuli ilikuwa tayari inafanya kazi. Kwenye kituo cha treni lifti ilimwambia Gakii, kwa Kiingereza kizuri, kwamba milango inafungwa. Aliipanda mara mbili, kisha akaenda kazini.

Wiki zikapita. Kila alipomnyoa Sir Ambrose, Gakii alimuuliza: uliiomba, au uliichukua tu? Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza iwapo maji yana moto sana. Sir Ambrose alitazama dirishani, au aliuliza mbuzi wako wapi.

Ni Teresia aliyepata njia. "Wewe Gakii umesoma, lakini kichwa umekiacha kwenye basi," akamwambia. "Siku ile ya ndizi, midomo ilikuwa hapa, maneno yakatoka huko. Sasa unahangaika kuisafirisha ya nini? Mlete huyo Mzungu karibu na simu, babako abariki kutoka hapa. Hakuna kilichotolewa, hakuna kilichochukuliwa. Kalpana wako atasema nini?"

Kalpana, alipoulizwa, alisema simu inaruhusiwa, mradi supu isipoe.

Wakapanga Jumanne saa sita mchana, ambayo Nkubu ni saa tisa. Gakii alipofika alimvalisha Sir Ambrose shati safi, akamnyoa, akamuuliza swali lake la kila siku, aliiomba au aliichukua tu, mzee akatazama dirishani. Akaegemeza simu kwenye bakuli la supu, mbele ya kiti cha mzee, kisha akapiga magoti juu ya zulia, glavu zikiwa bado mikononi.

Kwenye simu, M'Rukunga alikuwa amekalishwa kitandani na mito, blanketi begani. Mutwiri na dada zake walikuwa wamepiga magoti. Teresia alimnywesha kakake pombe ya asali kidogo, naye, kwa desturi ya baraka, akawapulizia wanawe kifuani, mnyunyizo mwembamba, nguvu hazikuwepo. Kisha akanyoosha mkono na kuanza kusogeza midomo.

Sir Ambrose akageuka kutoka dirishani. Akakitazama kioo kidogo cha simu, na mzee mwenzake akamtazama. Hawakuwa wameonana tangu kwenye lile hema. Midomo ya M'Rukunga iliendelea, taratibu, neno kwa neno, na Nkubu watu wote waliinamisha vichwa kungoja. Teresia aliisogeza simu karibu zaidi, akijua mtandao huchelewa.

Sir Ambrose akafungua kinywa.

"Ningemwomba nani?" akasema, kwa sauti ya M'Rukunga, nzito na wazi, mpaka waliopiga magoti nyuma kabisa wakasikia. "Pale hapakuwa na mtu."