Bakuli la Mzee Amour

Jumanne asubuhi Bi Shemsa alifungua mlango wake, ghorofa ya kumi na moja hapo Newtown ughaibuni, atoe mfuko wa taka, akakuta barabara imeshapanda. Ilikuwa Newtown Row yenyewe, na lami yake na taa zake za kuvukia, imejitandaza koridoni kutoka kwenye lifti mbovu mpaka dirisha la mwisho. Alisubiri taa ya kijani, akavuka, akatupa taka, akarudi kuangalia chungu chake.

Lifti ilikuwa imekufa tangu mwezi wa Shaaban, na magoti yake hayashuki ngazi. Mtu asipoonekana barabarani muda mrefu, barabara nayo huja kumuulizia.

Jirani yake Jelagat, muuguzi kutoka Kenya, alirudi kutoka zamu ya usiku akaruka dimbwi hapo mlangoni.

"Haki Bibi, wametuletea jam mpaka kwa mlango?"

"Ndiyo hivyo. Na lifti je?"

"Hiyo iko vile vile. Imekufa kabisa."

Kilichomkaa Bi Shemsa moyoni ni mumewe. Mzee Amour alipigwa na kiharusi, na alipotoka hospitali hapakuwa na wa kumpandisha ngazi zote zile. Wakampeleka nyumba ya wazee huko Moseley, akae mpaka lifti itengenezwe. Basi yeye hashuki, na mume hapandi. Kwenye simu Mzee Amour hakuweza kusema. Alikuwa akipumua tu, na Bi Shemsa akimsikiliza mpaka mmoja wao alale.

Basi la abiria lilipopita hapo koridoni, Bi Shemsa akalisimamisha, akapanda na bakuli la uji wa pilipilimanga. Dereva alikuwa Mandeep, Singasinga wa ndevu nyeupe, mzaliwa wa Kisumu. Walipita posta, wakapita bwawa la kuogelea, wakaipita sanamu ya fahali wa shaba sokoni, basi likasimama. Ulikuwa mlango ule ule wa Bi Shemsa.

"Zunguka tena, baba."

"Mama, nikizunguka na wewe inarudi hapa. Bila wewe inafika Moseley vizuri tu."

"Kwani mimi nina kosa gani?"

"Kosa hakuna. Ni vile unakaa juu."

Bi Shemsa akateremka, akamwachia bakuli ampelekee mzee.

Kwao Unguja chombo cha jirani hakirudishwi kitupu; hata punje ya chumvi hutiwa. Mzee Amour ulimi ulimpotea, lakini hilo hakulisahau. Jioni bakuli lilirudi na nusu biskuti. Kesho yake lilirudi na kifungo cha shati, halafu jani la waridi. Siku moja lilirudi na meno ya bandia ya mzee mwenzake, ikabidi yapelekwe mbio, maana mwenyewe alikuwa hajala. Kila akifunua kifuniko Bi Shemsa alisema, "Yupo," akaenda kuosha mchele.

Wenye jengo hawakuchelewa. Hata wiki haijaisha, mafundi walipanda ngazi wanahema, wakachora koridoni kote mistari miwili ya manjano, ile ya kukataza magari kusimama. Bi Shemsa aliwapa chai. Alipowauliza lifti, wakasema hiyo si idara yao. Nyuma yao akaja Derrick, wa kuyaandikia faini magari yanayosimama ovyo. Naye alipewa chai.

Ijumaa moja bakuli lilirudi tupu, limeoshwa.

Mandeep alizima injini. "Mama," alisema.

"Nimeona."

Siku ya pili jeneza lilipita likielekea makaburini Handsworth, maana njia ilikuwa hiyo hiyo. Gari likasimama mlangoni. Bi Shemsa aliweka kiganja juu ya ubao, akasoma Fatiha. Hakupanda. Alijua akipanda gari litazunguka lirudi pale pale, na maiti hacheleweshwi. Derrick alivua kofia, akangoja amalize, kisha akabandika karatasi ya faini kwenye kioo, kwa kuwa mistari ilikuwa miwili.

Bi Shemsa akaingia eda. Kukaa ndani hakukuwa jambo geni kwake.

Jumatatu ofisi ya jengo ikapiga simu. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimpa pole, akamweleza kwamba, kwa kuwa mgonjwa hahitaji tena kurudi nyumbani, ile lifti imeondolewa kwenye kazi za haraka. Bi Shemsa akamshukuru kwa kupiga.

Akapika uji, kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea, akaujaza kwenye bakuli. Jelagat alipopita akampa hapo kizingitini.

"Mpe dereva, anywe yeye. Mwambie asinirudishie tupu."

Mandeep aliunywa palepale kwenye usukani, polepole, na magari nyuma yake yakapiga honi. Bakuli likarudi na pipi moja ya mnanaa. Bi Shemsa akafunua kifuniko, akatazama. Safari hii hakusema, "Yupo." Akaenda kuosha mchele.