Koti la Mlevi

Mwalimu Jude alinipa nafasi ya mlevi kwa sababu ya sauti yangu. Alisema sauti iliyozoea kuita wafungwa haihitaji spika. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mtu aliyepunguzwa kazi na serikali ananuna kwa nani?

Darasa letu la maigizo lilikuwa Masese, ndani ya ghala la samaki lililoachwa. Kuta zilinuka dagaa mpaka nguo zetu zikanuka. Wafadhili walitaka tupite vijijini tukiwafundisha watu kuwahi hospitali wanapougua. Wazo zuri, silikatai. Ila aliyeliandika hajawahi kufika hospitali na mgonjwa juu ya baiskeli.

Mimi kusoma ni kwa shida. Akello, aliyecheza mke wangu, alinisomea mstari mmoja mmoja nami nikaurudia nimesimama wima, visigino pamoja, maana hivyo ndivyo maneno yanavyoniingia. Mwalimu akachoka. Akasema huyu ni mlevi, bwana Benedicto, si gwaride. Basi nikajifunza kulegeza magoti. Nilijifunza mengi kwake, siwezi kumnyima: kumtazama mtu wa nyuma kabisa, kuwaacha watu wamalize kucheka, kutoyafukuza maneno kama kuku. Koti la mlevi, lile lenye mfuko unaoning'inia, nilichota maji nikiwa nimelivaa ili tuzoeane.

Kilichonishinda ni mwisho wa mchezo. Mke amekufa, amefunikwa blanketi. Mume anasimama kando yake kueleza ugonjwa, kama ilivyo desturi kwetu. Hazikwi mtu kabla waliokaa chini hawajaambiwa aliumwa nini, alipelekwa wapi, alikufaje. Na maneno yanayosemwa hapo hayarudi mdomoni. Mume wa mchezo anasema: "Nilikuwa nakunywa, mke wangu akiugua. Nilisema amerogwa. Hospitali sikumpeleka. Ni mimi niliyemuua."

Mke wangu Mariat alishikwa na homa tukiwa kambi ya askari jela, Jinja. Niliomba gari la gereza. Afande mkuu akajibu kuwa gari limekwenda kubeba mahindi ya shamba lake. Nikamfunga Mariat mgongoni kwangu kwa shuka tukaenda kwa baiskeli. Hospitalini mwenye ufunguo wa stoo ya dawa hakuwepo, na Mariat alifia barazani, kichwa mapajani mwangu. Sikuwa na ardhi, kwa hiyo ndugu zake wakaja kumchukua wakamzike kwao, Busiu. Nikaomba ruhusa niende nao. Afande akasema wakaguzi wanakuja, hakuna kutoka.

Basi Mariat akazikwa bila mumewe kusimama. Toka hapo wakwe zangu hawakunisalimu. Kwao, mume asiyesimama ana anachoficha.

Sasa mwalimu akatangaza kwamba tutaonyesha Namatala, halafu Busiu.

Nilimfuata nikamwomba anipe nafasi nyingine, hata ya mbuzi. Nikamweleza kwamba huko ndiko kwa wakwe zangu.

"Vizuri zaidi," akasema. "Machozi yatakuja yenyewe."

"Mwalimu, watu wale hawaendi kutazama mchezo. Ukilaza mtu chini na kumfunika, wao wako matangani."

"Hiyo ndiyo sanaa, muzee."

Nikaomba basi tubadilishe maneno yale tu. Akasema karatasi imekwisha pigwa muhuri na ofisi, hata nukta haiguswi. Nimewajua wakubwa wa bunduki, sasa nimewajua na wakubwa wa kalamu. Wote wakishasema wamesema, na anayelipa ni wewe.

Namatala nilisema kila kitu kama kilivyoandikwa. Watu wakapiga makofi. Kule hakuna aliyenijua.

Busiu tulicheza mchana, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilipoingia nikifoka Kiswahili, ambacho kule ni lugha ya askari, watoto wakakimbia, mama mmoja akasema huyo si mlevi, huyo ni askari kabisa. Wengine wakacheka. Nikaanguka, wakacheka zaidi. Nikamfukuza Akello na sufuria yake, wakanizomea vizuri. Halafu nikamwona Geresom, kaka yake Mariat, ameegemea baiskeli, mikono kifuani. Hakucheka hata mara moja.

Akello akalala, akafunikwa. Na kweli kama nilivyosema, akina mama wa mbele wakashuka kwenye mabenchi wakakaa chini, miguu wameinyoosha. Mimi nikasimama. Visigino vikakutana vyenyewe.

"Nilikuwa nakunywa," Akello akaninong'oneza chini ya blanketi, akidhani nimesahau.

Sikusema hivyo. Nilisema homa ilianza jioni. Nilisema niliomba gari, gari likawa limebeba mahindi ya mkubwa. Nikaeleza shuka, baiskeli, stoo iliyofungwa, baraza. Nikasema nilitaka kuja kumzika, nikakatazwa.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa kijana juu ya gunia. Kisha wote.

"Mwongo!" mmoja akasema. "Jana ulikuwa kilabuni, tumekuona."

"Hata mbele ya maiti anasingizia mahindi," mama mmoja akasema, akipangusa macho kwa kucheka.

Na ningewalaumu vipi? Walikuwa wameniona kwa macho yao nikinywa na kumpiga mke. Mimi mwenyewe niliwafundisha nisiaminike, tena nilifanya mazoezi. Nikamaliza maneno yote hata hivyo, nikiinua sauti ipite vicheko, na kadiri nilivyoinua ndivyo walivyocheka. Akello alikuwa akitikisika chini ya blanketi, sijui kwa kucheka au kwa hofu.

Nilidhani mwalimu atanifukuza. Kumbe alikuja mbio akanikumbatia. Akasema jambo kama lile hata Kampala hawalijui: mlevi anayedanganya matangani! Ataliandika ofisini, liingie kwenye mchezo, nami nitalisema hivyo hivyo kila mahali. Nikamwambia yale hayakuwa uongo.

"Ndiyo maana yamechekesha," akasema, akaenda kuhesabu mabenchi.

Nilikuwa nimekaa kwenye tairi la lori nikitafuta pa kutemea uchungu wangu, Geresom alipokuja. Hakunipa mkono.

"Ile ya mahindi," akasema, "nani aliiandika?"

"Hakuna aliyeiandika."

Alitazama koti langu, kisha viatu.

"Mama hakuja. Ni mzee sasa. Kama una neno, neno linasemwa kaburini, si kwenye mashine ya watu."

Nikamwomba mwalimu anisubiri kidogo. Akasema lori linaondoka sasa hivi, dereva ana ratiba, na mwigizaji anayekiacha kikundi njiani amejiondoa. Wapo wengine wanaotaka nafasi. Nilimsikiliza mpaka mwisho kama nilivyomsikiliza afande siku ile, mikono mgongoni. Tofauti ni kwamba siku ile niligeuka nikarudi kufyeka nyasi za wakaguzi. Safari hii nilimfuata Geresom. Nyuma yangu lori liliwaka, Akello akaniita kwa jina, na vumbi likafunika barabara ya Tororo.

Kaburi la Mariat liko nyuma ya migomba, limeshuka upande mmoja. Ndugu walitoka mmoja mmoja wakakaa chini. Mama mkwe, ambaye kwa mila hatuonani uso kwa uso, alibaki ndani, nyuma ya dirisha. Nikasimama. Nikafungua kinywa.

"Ngoja," sauti yake ikatoka dirishani. "Kwanza vua hilo koti."

Nikalivua. Nikalikunja nikaliweka mbali, kwenye shina la mgomba.

"Sasa," akasema, "homa ilianza lini?"