Piza Yenye Ndizi

Siku Sadiyo alipokuja kumchukua Kadar, Barwaqo hakuchinja mbuzi. Haya, washike vichwa wenye vichwa! Mama mkwe ametoka Banissa, safari ya kuvunja kiuno, halafu nyumba nzima haina hata harufu ya nyama ya mbuzi? Shamso, jirani yake hapo mtaa wa Iftin, alimwambia tangu asubuhi, "Wee Barwaqo, utatutia aibu mtaa mzima." Barwaqo akamjibu kwamba mbuzi wa kumsindikizia mwanawe hatatoka kwake, na wenye midomo waitumie.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mumewe, Abdihafid, alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo mama yake hakuacha kupiga simu: mtoto wa kiume ni wa ukoo wa baba, aende akalelewe kwenye ngamia wa babu zake, mjini ataharibika. Hani, dada mtu, abaki na mama yake. Aliyetakiwa ni Kadar, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Na Barwaqo alikuwa mtu wa "sawa, Hooyo", maana ndivyo alivyomwita mama mkwe, kama mama yake mzazi. Sawa kwenye arusi, sawa kwenye eda, sawa kwa kila lawama. Safari hii sawa zilikuwa zimemwishia.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo aliwaita watoto uani, kwenye jiko la makaa, akawaambia, "Leo ndiyo leo. Ile piza mnayonililia kila mkimwona yule mama wa video akiipika kwenye simu, tunaipika."

Kelele zake hazisemeki. Hani alichunga unga, nusu ukaenda kwenye beseni, nusu ukaenda na upepo. Kadar alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akakanda kwa ngumi, ulimi nje, nyusi nyeupe pe! Oveni hawakuwa nayo, lakini sufuria ilikuwepo, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko yalikuwepo, basi kulikuwa na shida gani? Wakatandaza nyanya, vitunguu, jibini ya dukani, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikakauka. Barwaqo akageuka kidogo kupepea moto. Alipogeuka tena, Kadar alikuwa amemaliza ndizi mbili nzima juu ya piza.

"Kadar! Yule mama wa kwenye simu aliweka ndizi?"

"Alisahau," Kadar akasema.

Barwaqo alinyoosha mkono azitoe, kisha akauacha. Nani aliyemlea mtoto huyu kwa wali na ndizi, tambi na ndizi, tangu alipoota meno? Si yeye mwenyewe? Akafunika sufuria, akachukua koleo, akaanza kupanga makaa juu ya mfuniko.

"Assalamu alaikum!"

Sadiyo aliingia na mwanawe Warfa, shemeji wa Barwaqo. Nje gari lilikuwa linanguruma, dereva hakuzima hata injini. "Hatukai," Sadiyo akasema. "Tunataka tulale Wajir." Kisha akamwona mjukuu wake, unga umemjaa usoni. "Subhanallah! Mtoto wa Abdihafid anakanda unga? Umemgeuza msichana?"

Zamani Barwaqo angeomba radhi. Leo alisema, "Hooyo, huko malishoni unakotaka kumpeleka, nani huwapikia wachunga ngamia?"

Warfa, masikini, akajibu bila kufikiri, "Tulikuwa tunajipikia wenyewe." Mama yake akamkata jicho, naye Warfa akatamani ardhi immeze.

"Basi naye anajifunza," Barwaqo akasema.

"Maneno mengi ya nini? Mtoto ni wetu. Warfa, mbebe."

Warfa alipiga hatua moja. Barwaqo akasimama mbele ya watoto wake na koleo mkononi, kaa jekundu limebanwa. Hakuliinua wala hakulishusha. Warfa akarudi alikotoka.

"Haendi," Barwaqo akasema. "Si leo, si Idi, hadi awe mkubwa achague mwenyewe. Niite mkaidi, niite sina adabu. Nitangaze kuanzia hapa mpaka Lafey. Lakini mwanangu haendi."

Sadiyo akavuta kigoda, akakaa. "Na mimi?" akasema, na sauti haikuwa ile ya kwenye simu. "Mwanangu mmemzika huku. Huyu ana macho yake. Mimi nimebakiwa na nini cha kutazama?"

Huruma ilimwingia Barwaqo, na akaikasirikia. Akarudisha kaa jikoni. "Hata mimi nilimzika, Hooyo. Hukulia peke yako. Kama unataka kumtazama, kaa umtazame. Mkeka upo, chumba kipo. Kaa mwaka mzima. Wewe utakaa, lakini yeye haendi."

Piza ilianza kunukia kuungua, Hani akapiga yowe, wakafunua mbio. Ukingo mmoja ulikuwa mweusi. Kadar akataka kipande cha kwanza, akakibeba kwenye sahani kwa mikono miwili mpaka kwa bibi yake.

"Ayeeyo, shika bisa," akasema, maana piza yeye aliiita bisa.

Sadiyo akakikodolea macho. "Ina ndizi?"

"Yule mama wa simu alisahau. Mimi nikaweka."

Bibi akala. Alitafuna muda mrefu, huku akifuta macho kwa ncha ya shela. Nje dereva akapiga honi, kisha akapiga tena, ndefu. Warfa, aliyekuwa amejikatia kipande na mdomo umemjaa, alimtazama mama yake.

"Mwambie azime gari," Sadiyo akasema. Kisha akamgeukia Barwaqo kwa ukali wake wa siku zote. "Ndizi mmezikata nene mno. Lete kisu."

Barwaqo akampa kisu. Lakini mbuzi hakumchinja, hata kesho yake.