Jina la Akua Libaki Palepale

Meza yangu iko nje ya mahakama ya Techiman, chini ya bati lililotoboka. Napiga chapa viapo vya watu, na kazi hii imenizoesha uongo wa kila namna. Rafiki yangu Ama Tiwaa alipokuja mezani kwangu na kishoka wa viza, dalali wa vyeti vya kughushi, nilijua kitakachoandikwa kabla hata hawajakaa.

Tiwaa tunafahamiana tangu ujana. Ana mashine ya kusaga karanga pale sokoni, mikono ya mwanamke aliyebeba magunia, na mdomo ambao hata madereva wa malori ya viazi vikuu wanaukwepa. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na mbili, na mumewe, mzee Kyere, alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Shida ya chakula hakuwa nayo, wala ugonjwa. Aliniambia mwenyewe, "Abrafi, nimechoka kupika chungu kidogo. Nataka kukaa na watu wangu, basi."

Watu wake walikuwa wawili. Dufie, mtoto wa tumbo lake, yuko Italia, mji wa Modena, amebanana na watoto wake katika chumba kimoja. Kule ukitaka kumleta mzazi wanakuja kwanza kupima nyumba, na chumba kile kisingepita hata kama kingepimwa kwa huruma. Wa pili ni Kwaku Gyabaa, dereva wa basi la shule huko Worcester, Marekani. Huyu alikuwa ameshapata uraia, na raia wa kule anaruhusiwa kumwombea mama yake aje kuishi naye moja kwa moja.

Ila Kwaku hakuzaliwa na Tiwaa. Mama yake alikuwa Akua Donkor, aliyefariki mtoto akiwa na miaka minne. Tiwaa aliolewa na Kyere miaka miwili baadaye, akamkuta Kwaku hana meno ya mbele na hamsemeshi mtu. Akamlea.

Kishoka aliitwa Prosper, kijana wa viatu vinavyong'aa. Alivuta kiti kama mwenye ofisi. "Dada, andika hivi. Mimi Ama Tiwaa ndiye niliyemzaa Kwaku Gyabaa. Cheti kipya cha kuzaliwa nitakileta kesho, kimeshapangwa."

"Na Akua?" Tiwaa akauliza.

"Akua yupi tena?"

"Mama yake."

Prosper akacheka. "Mama, yule ni marehemu. Hasafiri. Tukimtoa kwenye karatasi ataumia wapi?"

Nilikuwa nimeshaingiza karatasi kwenye mashine. Tiwaa alinyoosha mkono akaichomoa, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati la Prosper.

"Mwanamke yule alipata uchungu siku mbili kumzaa mtoto huyu," alisema. "Mimi nilikuta kazi imeshafanywa. Sasa nimpande mgongoni ili nifike Marekani? Ondoka hapa kabla sijakumbuka jina la mama yako."

Prosper akaondoka huku akisema kuna wanawake wamezaliwa kufia sokoni.

Tulimpigia Kwaku palepale. Nilidhani atafurahi, kumbe alichanganyikiwa. "Mama, kila mtu anafanya hivyo! Nikiandika mama wa kambo watatufungia mlango."

"Nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu gani? Hao waliokuambia ukifika huko utaokota kazi barabarani?" Aliishika simu mbali na uso kama anayetaka kuipiga kofi. "Nisikilize, Kwaku. Katafute wakili, umweleze ukweli wote, usiache hata punje. Akisema haiwezekani, nitabaki kwenye karanga zangu na wewe utakuja kunizika. Lakini jina la Akua libaki palepale lilipo."

Wiki mbili baadaye Kwaku alipiga, na sauti yake ilikuwa nyingine. Wakili alikuwa amemwambia kwamba sheria ya kule inamhesabu mama wa kambo kuwa mama, mradi ndoa ilifungwa kabla mtoto hajafika miaka kumi na minane. Na kwa kuwa baba amefariki, inabidi waonyeshe kwamba mama na mtoto hawakutupana baada ya msiba.

"Wangegundua kile cheti cha Prosper," Kwaku alisema, "tungefungiwa wote wawili, pengine milele. Sasa wanataka cheti cha ndoa yenu."

Cheti chenyewe hakikuwepo. Kyere alipeleka vinywaji kwa wazazi wa Tiwaa, vikapokewa, watu wakala, yakaisha. Halmashauri inaandikisha ndoa za kimila za namna hiyo hata miaka mingi baadaye, ila inataka mtu wa upande wa mume athibitishe. Na aliyebaki upande wa mume mwenye sauti ni Takyi, mdogo wake Kyere.

Nilimsindikiza Tiwaa, maana alitaka shahidi anayejua kuandika. Takyi alitupokea barazani kwake, hakutupa hata maji.

"Shemeji," alisema, "mimi nitathibitishaje mambo ya zamani hivyo? Umri umekwenda. Sikumbuki."

"Hukumbuki? Wewe ndiye uliyebeba chupa!"

"Labda nilibeba. Watu hubeba chupa nyingi." Akajikuna kidevu. "Kaka yangu alikuwa anakaa na wewe, sikatai. Lakini mambo ya cheti ni mengine. Kesho utaniambia na ile nyumba yake ya kule Dwomo unamoishi ni yako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Cheti kingemfanya Tiwaa mjane mbele ya sheria, na mjane hatolewi nyumbani kwake kwa maneno ya barazani.

Tiwaa hakuwa anamtazama tena. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Takyi. Bango la msiba wa Kyere lilikuwa limebandikwa pale, kubwa, la rangi, picha ya marehemu katikati. Chini yake, kwa herufi nene, MFIWA MKUU: YAW TAKYI. Na chini ya hapo, MJANE: AMA TIWAA. WATOTO: KWAKU GYABAA, DUFIE.

Alipanda juu ya benchi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nabandua."

"Hiyo ni picha ya kaka yangu!"

"Na maneno ni yako. Ulichapisha mia mbili, mji mzima ukasoma. Leo umezeeka ghafla?" Alibandua kona moja baada ya nyingine, taratibu, lisichanike, akalikunja kama kitenge. Takyi alikuwa amesimama, mikono hewani, hathubutu kumgusa mwanamke aliye juu ya benchi.

Bango lilisaidia, ila afisa wa halmashauri alisema bado anataka mtu mzima aliyeiona ndoa kwa macho yake, asiye ndugu wa Tiwaa. Tiwaa akalitaja jina alilokuwa akilikwepa. Fofie, mdogo wake marehemu Akua.

Hawa wawili hawakuwa maadui, lakini salamu zao zilikuwa za mbali. Siku ya vinywaji Fofie alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na ukoo wao ulimtuma akamwone mwanamke atakayemlea mtoto wa dada yake. Aliona, akaripoti, na tangu siku hiyo hakuingia tena nyumba ya Tiwaa. Alidhani nafasi ya dada yake imechukuliwa.

Tulimkuta anachambua maharage. Tiwaa alieleza yote akiwa wima, bila kupamba. Fofie hakuinua uso.

"Hizo karatasi za Marekani," akasema mwishowe, "dada yangu yumo?"

"Yumo. Mama mzazi, Akua Donkor. Mstari wa kwanza. Mimi niko chini yake."

"Walikuambia umtoe. Prosper alijisifu sokoni, kabla hujamfukuza."

"Waliniambia."

Fofie aliweka ungo chini. "Kwa nini hukumtoa? Hakuna ambaye angejua."

"Kwaku angejua," Tiwaa akajibu. "Kila akiniangalia."

Fofie akaenda ndani. Aliporudi alikuwa amevaa nguo ya kutokea. "Twende huko halmashauri," alisema. "Nakumbuka hadi rangi ya kitambaa ulichojifunga kichwani. Kilikuwa kibaya sana."

"Kilikuwa cha kuazima, Fofie."

"Ndiyo maana."

Mimi mwenyewe nilipiga chapa kiapo chake, kurasa mbili, hakuna neno nililopunguza. Cheti kikatoka siku nane baadaye.

Mahojiano ya viza kwenye ubalozi wa Marekani, Accra, nasimulia kama alivyonisimulia. Aliulizwa kupitia mkalimani kama yeye ndiye mama mzazi wa Kwaku. Akasema hapana, mama mzazi amezikwa Techiman. Alitoa ripoti za shule za Kwaku, miaka kumi na miwili, zote sahihi ni yake, nyingine zina mafuta ya karanga. Alitoa picha, na orodha ya simu walizopigiana tangu msiba. Afisa akauliza: mume wako amefariki, kwa hiyo uhusiano wako na kijana huyu ni upi sasa?

"Nikamwambia, kwani nilimlea kwa mkataba na baba yake? Baba amekufa, mtoto hajafa. Mkalimani akanong'ona nijibu kwa adabu. Nikamwambia atafsiri kama nilivyosema."

Sijui alitafsiri vipi. Viza ilitoka baada ya miezi mitatu.

Siku ya safari Takyi alifika Dwomo na wanaume wawili wa ukoo, akisema wamekuja kupokea funguo, maana nyumba haiwezi kukaa bila mwenyewe. Tiwaa alikuwa mlangoni na mzigo wake, amevua nguo nyeusi za msiba kwa mara ya kwanza, amevaa njano.

"Mwenyewe yupo, anasafiri," alisema. "Funguo anazo Fofie. Binti yake anahamia leo na wanawe wanne, na cheti cha ndoa nakala yake iko kwa Abrafi, mkitaka kusoma. Yenye kiapo kwa nyuma." Akawatazama wale wawili. "Nyie mlikuja kunisindikiza, sivyo? Haya, begi zito ni lile la bluu."

Mmoja wao akalibeba. Naapa, alilibeba hadi kituoni, Takyi akimfuata nyuma anamgombeza.

Sasa ni mwaka wa pili. Ananipigia Jumapili, analalamika kwamba siagi ya karanga ya kule ina sukari, na kwamba Kwaku ameanza kitambi. Wiki iliyopita nilimuuliza kama atarudi kuishi. "Nikitaka nitarudi, nikitaka nitakaa," alisema. "Yote mawili ni yangu." Kisha akaniambia nisubiri kidogo, akawageukia wajukuu, watoto wa Kwaku, akawapigia kelele wakanawe mikono, chakula kiko tayari.