Dole Gumba la Guracha

Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, Gershom huketi kwenye benchi la hoteli ya Farhiya mjini Garsen, akalegeza uzi wa sita wa gitaa lake, akaanza. Hupiga peke yake. Zilizopendwa, rumba za harusini, jazi za Wamarekani alizozikuta kwenye kanda kuukuu kule kijijini Ngao, zote amezipanga upya zitoshee gitaa moja. Kidole cha pete hubeba sauti ya mwimbaji, cha shahada na cha kati hujaza katikati, dole gumba hupiga besi.

Dole gumba lenyewe ni la Guracha. Wateja wanalijua hilo na hawana neno nalo. Guracha alikuwa mpiga besi wa bendi yao, Muorma mwembamba aliyewadharau wapiga ngoma wote wa Tana, akapotea wakati wa mapigano ya wakulima na wafugaji, asionekane hai wala maiti. Bendi ikavunjika. Gershom, ambaye ni Mpokomo, wa upande wa wakulima, alipoanza kupanga nyimbo za kupiga peke yake, dole lake la kulia lilianza kuchelewa kidogo nyuma ya mdundo, vile Guracha alivyozoea kuvuta besi mpaka mchezaji adhani atakosa hatua. Kisha likaota kovu la kamba ya ndama, lilelile alilokuwa nalo Guracha. Gershom alijaribu kulitia adabu, akachoka, akaliacha lifanye litakavyo. Na kusema kweli, muziki ulinoga.

Swaleha, mke wa Guracha, huuza maziwa ng'ambo ya barabara. Akishafunika madumu yake huja kuketi meza ya mbele na kusikiliza besi tu. Vidole vingine kwake ni kelele. Mara hucheka peke yake, Guracha akileta utundu. Mwishoni husema, "Leo amechangamka," au, "Leo amechoka," akaenda zake.

Mwaka huu, masika yalipokaribia, Mzee Kavumbi aliingia hotelini kwa mara ya kwanza. Ni mjomba wake Gershom, mwenyekiti wa kamati ya amani ya kijiji, mtu wa kufungua mikutano kwa sala. Alipovuka kizingiti, dole gumba lilisimama. Rumba ikaendelea juujuu, nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Kavumbi akanywa chai, akaaga, akatoka. Dole likaendelea palepale lilipoachia.

Kila aliyekuwapo alielewa ni mkono wa nani uliommaliza Guracha. Wateja wakarudi kwenye sahani zao. Farhiya akaongeza sukari kwenye birika.

"Ni huyo?" Swaleha akauliza.

"Ni mjomba wangu, shemeji."

"Mimi sijauliza ni nani wako."

Gershom aliinamia gitaa, akajifanya anakaza uzi ambao haukuwa umelegea. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Siku chache baadaye Kavumbi alimfuata shambani.

"Binti yangu Stacy anaolewa. Wewe ndiye utapiga." Akalitazama lile dole. "Lakini hizo nyimbo zipange upya, mpwa wangu. Besi toa. Harusi haitaki fujo."

Gershom angeweza kukataa. Angeweza pia kumuuliza mjomba wake alimzika wapi mtu yule. Lakini Kavumbi ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na hata shamba walilosimama lilikuwa lake. Akasema, "Sawa, mjomba," akarudi nyumbani akijichukia.

Kazi ilimtoa jasho. Rumba zilikubali upesi, lakini jazi zilimsumbua, kwa kuwa nyimbo zile hutembea juu ya besi, na ukiiondoa huanguka. Ilimbidi apandishe kila kitu karibu na tundu la gitaa, sauti nyembamba zishikane zenyewe kwa zenyewe. Zilishikana. Hajawahi kupanga kitu kizuri hivyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Harusini wageni walicheza, wazee wa kamati ya amani wakacheza, na dole gumba likalala ubavuni mwa gitaa mchana kutwa.

Mzee Kavumbi alizipenda nyimbo zile kuliko alivyotarajia. Siku hizi huja Garsen kila alasiri kuzisikiliza, naye Gershom humpigia zote, bila besi. Bado ni mwenyekiti. Farhiya amemtengea kikombe chake.

Swaleha naye huja vilevile na kuketi mahali pake. Hamtazami mzee, hamtazami Gershom. Husubiri tu mzee aondoke ili apate kumsikia mume wake kidogo kabla ya kwenda kuswali.

Kavumbi hunywa chai polepole. Siku nyingi adhana ya magharibi humkuta bado ana nusu kikombe.