Dozi ya Miaka Mitatu kwa Mkupuo

Naapa kwa kiapo kizito, kisa hiki hakijatiwa chumvi hata chembe. Fundi makochi alipiga chafya, na misumari yote aliyokuwa ameibana kwa midomo ikaruka, ikajipigilia yenyewe kwenye ubao wa sofa, safu moja iliyonyooka. Mteja akasifu kazi.

Daktari hakusifu. "Una mzio wa utitiri wa vumbi. Vijidudu vidogo mno, macho hayavioni, na kwenye makochi makuukuu vimejaa tele. Nakupa matone yenye utitiri kiduchu. Weka chini ya ulimi kila siku, miaka mitatu, mwili uvizoee. Hutaki, funga karakana. Kifua hicho hakitavumilia."

Kufunga karakana! Mtu ambaye hakujua kazi nyingine duniani, hata chai aliikoroga kwa bisibisi.

Basi akatumia matone, mkewe akimsimamia kama askari jela. Mwezi wa nne chafya zikaanza kupungua. Hapo ndipo Mungu alipomletea jirani, mstaafu mwenye upeo mpana, msomaji wa kila gazeti lililofungiwa sabuni.

"Eti fundi, hayo matone yana nini ndani?"

"Utitiri."

"Na kochi hilo?"

"Utitiri."

"Sasa kaka, unalamba kwa tone kitu ulicho nacho kwa magunia? Miaka mitatu yote ya nini? Maliza leo!"

Hesabu safi kabisa. Fundi akachana kochi lililokaliwa na ukoo mzima kwa miaka arobaini, akazamisha kichwa ndani hadi mabegani, akavuta dozi ya miaka mitatu kwa mkupuo mmoja.

Uso ukaumuka. Kifua kikapiga filimbi kali hata magari ya barabarani yakasimama kupisha. Mkewe akamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akavishwa kinyago cha hewa.

"Dawa hupimwa, bwana," daktari alimwambia alipotulia. "Kochi lako lilipimwa na nani?"

"Karakana yangu je?" fundi alinong'ona. Hakuuliza lingine.

"Utabaki nayo. Lakini matone unayaanza upya, siku ya kwanza. Na kila kochi kuukuu likung'utwe kwanza huko nje, na mtu mwingine."

Mkewe akamgeukia. "Baba watoto, akili hizi kakupa nani?"

Fundi, bila hata haya ya ujirani, akainua mkono wenye mpira wa dripu na kuninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na machungwa ya mgonjwa.

"Shemeji, mimi nilikuwa natania tu…"

"Daktari," shemeji akasema, "huyo mtu mwingine tumeshampata."

Huu mwezi wa tano nakung'uta makochi ya watu juani, kitambaa puani. Leo yako sita. Shemeji amekaa dirishani, anahesabu fimbo, na nikiruka moja ananirudisha mwanzo.