Mkate wa Bahtiyor

Siku Bahtiyor alipoondoka kwenda Urusi kutafuta kazi, aling'ata mkate mara moja na mama yake, Bi Saodat, akautundika ukutani, kama nyumba zote za hapa zifanyavyo. Aliyeng'ata lazima arudi aumalizie. Usiuguse, usiusogeze, ndivyo mkewe Zulhumor alivyoambiwa, kidole kikitikiswa mbele ya pua yake.

Theluji ilipoyeyuka, dari likavuja. Zulhumor akaukuta mkate umeoza, umeota ukungu wa kijani. Alilia, na nani asingelia? Mama mkwe yuko sokoni. Akaoka mwingine tanurini, akaung'ata mwenyewe upande uleule, akautundika, akanyamaza.

Sasa Bahtiyor amerudi mzima, hata kanenepa. Pilau imeliwa, majirani wamejaa, na Bi Saodat ameushusha mkate kwa mikono miwili na kumkabidhi mwanawe.

"Haya malizia, bwana, kama meno bado unayo," jirani mmoja alimtania.

"Nimeulinda kama mboni ya jicho," alisema Bi Saodat. "Nisingeulinda, mwanangu asingekuwa hapa leo."

Loh, maneno gani hayo ya kusema mbele ya Mama Odil? Mkate wa Odil ungali umetundikwa nyumba ya pili, haujaguswa na tone la maji, na Odil mwenyewe, aliyekwenda Urusi vilevile, alirudishwa ndani ya jeneza. Mama yake aliwahi kuusogeza kidogo akipaka ukuta chokaa, na tangu msiba ule anajiita muuaji. Sasa alikuwa ameinamia bakuli lake la chai, mabega yamemwanguka.

Zulhumor alimtazama, moyo ukamuuma. Akisema, huenda akarudishwa kwao. Asiposema, yule mama ataondoka na hatia isiyo yake.

"Mama," alisema, "huo si mkate wake. Wake ulioza. Huo nimeung'ata mimi."

Bahtiyor alibaki na mkate mkononi.

"Kila mtu na ukweli wake, binti," Bi Saodat alisema. "Wangu mimi ni mwanangu huyu hapa, kaketi."

"Mkate ulioza, Mama. Ulioza kwako na kwangu."

"Nyamaza. Unaniaibisha mbele za watu."

"Uliota ukungu?" Mama Odil aliuliza polepole.

"Wote, Mama Odil. Niliuzika chini ya mti wa mforosadi."

"Na akarudi."

"Akarudi."

Mama Odil akaangua kilio. Hata siku ya mazishi hakulia vile.

Asubuhi Zulhumor alitoka uani na birika. Bi Saodat alikuwa hajamsemesha tangu jana, na Bahtiyor naye alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Ng'ambo ya ua alimwona Mama Odil amekaa kizingitini, mkate wa mwanawe mapajani. Alikuwa akiumega na kuwatupia shomoro, taratibu, akianzia upande ambao haukung'atwa.